Biri ya Korongo

Nianze na kosa langu, lisije likadhaniwa nimelificha ili nipendeze. Maziwa yale yalikuwa na mafuta ya taa. Nilifungua mtungi asubuhi, nikanusa, nikajua, nikauza.

Miaka hiyo, katikati ya tisini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nimeachika, nina watoto wawili na chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Waberi. Shule niliishia darasa la saba, lakini Kiswahili nilikishika vizuri, nikawa mimi ndiye ninayeitwa kila mteja wa ofisini alipotaka kubishana. Kazi yangu ilikuwa kuuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Kaka yangu alichunga ngamia wake mbali kidogo na barabara ya Wajir. Yeye alikama alfajiri, mke wake akajaza mitungi, na pikapu ikaileta mjini kabla jua halijakolea.

Lazima nieleze habari ya moshi, maana asiyeijua hatanielewa. Chombo cha maziwa kwetu hakisuguliwi kwa sabuni kikaachwa hivyo. Kinafukizwa. Kibuyu kinatiwa makaa ya mgunga yanayowaka, kinatikiswa, kinafunikwa, kisha makaa yanamwagwa na majivu yanafutwa. Mtungi wa plastiki, ambao ndio ulikuwa umeingia miaka ile, unashikwa kichwa chini juu ya kijinga cha moto kinachofuka mpaka ujae moshi. Maziwa yakikaa humo hayachachi haraka, hata jua la Garissa likichoma namna gani, na yanapata ladha ambayo mtu wetu akiikosa kwenye chai anauliza kama leo kumetumika maziwa ya kopo.

Kila kambi ina mti wake. Nilikuwa nikifungua mtungi nakuambia: huu ni mgunga, huu ni mti wa mswaki, huu ni gogo lililoletwa na lori la mifugo kutoka Banissa. Nilikuwa nakuambia pia kama aliyefukiza alikuwa na haraka. Pua hiyo niliirithi kwa mama, nikaifanyia kazi tangu utotoni, na sioni sababu ya kujishusha ninapoitaja.

Sasa, wifi yangu alipungukiwa na mitungi. Akachukua mmoja uliowahi kuwekwa mafuta ya taa, akauosha kwa majivu na mchanga, akaufukiza mara tatu, mara nne, akiamini kwamba moshi utakula mafuta. Hilo ni kosa letu sisi watu wa moshi. Tunadhani hakuna kitu ambacho moshi hauwezi kukimaliza. Nilipofungua, mgunga ulinijia mzito kupita kiasi, na chini yake, mbali kabisa, mafuta ya taa.

Ukame ulikuwa mkali na mtungi huo mmoja ndio niliopata siku hiyo. Nilijiambia mpaka wafike kuyachemsha, moshi utakuwa umeshafanya kazi yake. Niliikubali imani ya wifi yangu nikijua ni upuuzi mtupu. Kwetu muuzaji humimina maziwa kidogo kwenye kifuniko, akaonja mbele ya mnunuzi. Hicho ndicho kiapo chetu. Nikamimina, nikaonja, nikasema, "Safi." Mnunuzi alikuwa mpishi wa hoteli iliyo karibu na msikiti. Wazee walipotoka swala ya adhuhuri wakaagiza chai, na nasikia walitema wote kwa pamoja mpaka ukuta ukalowa.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja chini ya banda moja la mabati. Kiongozi wetu tulimwita Eeddo, yaani shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu. Alikuwa mrefu, mkavu, wa maneno machache, na alikuwa akiuza maziwa tangu kabla mimi sijaota meno. Sheria yake ilikuwa moja. Anayeuza kibaya bila kujua anasamehewa. Anayeuza akijua anabeba mitungi yake na harudi bandani.

Aliniita mbele ya wote jioni ile ile.

"Ulionja?"

"Nilionja."

"Na hukusikia kitu?"

"Nina mafua, Eeddo," nikasema, nikavuta kamasi ambazo hazikuwepo.

Nikasamehewa. Lakini uongo ule ulinikaanga polepole. Mjini ikawa inasemwa kwamba yule mwanamke wa maziwa hana pua. Wateja wakaanza kunipita. Wale wachache waliobaki walinusa wenyewe kabla ya kununua, wakainamia mtungi wangu na kukunja uso kana kwamba wamesomea. Hilo liliniuma kuliko kama wangeniita mwizi. Nilitaka kupiga kelele kwamba pua yangu ni bora kuliko za banda zima zikijumlishwa, ila ningepigaje? Nikiwa na pua, basi nilijua. Nikiwa sina, sina hatia. Nafasi yangu bandani, na chakula cha wanangu, vilitegemea pua ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeitangaza kuwa mbovu.

Nilikaa hivyo miezi minne.

Duka la mjomba wangu lilitazamana na banda letu, barabara katikati. Nilimwita Abti, naye aliniita Abti vilevile. Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa neno moja. Alikuwa akiuza tambi, maziwa ya unga, tochi, kandambili, na chochote kingine kilichopita mpakani Diff juu ya lori bila kuulizwa maswali mengi. Mwaka uliotangulia ilipita shehena ya biri, zile sigara nene za jani tupu lililosokotwa, kwenye maboksi ya kadibodi yenye picha ya korongo amesimama kwa mguu mmoja. Mji mzima ulizijua biri za Korongo. Ziliungua upande mmoja, upande wa pili ukabaki mbichi. Nyingine zilizima mdomoni, nyingine zilipasuka. Askari mmoja alipoteza nusu ya masharubu, akanyoa nusu iliyobaki, na kila aliyekutana naye alijua alichovuta. Mwishowe watu wakawa wanaziwasha kwenye mazizi ili kufukuza mbu, na nasikia hata mbuzi walilalamika.

Kwa hiyo lilipofika boksi jingine la Korongo, hakuna aliyelitazama mara mbili. Hili lakini lilikuwa la mbao, lina bawaba za shaba, na ndani biri zimelala juu ya karatasi laini, kila moja imevishwa pete ya karatasi ya rangi ya dhahabu. Ilikuwa biri ya juu kabisa ya kiwanda kile kile, ya watu wenye nafasi zao, na imefikaje kwenye lori la tambi hata Abti hakujua. Alijua tu kwamba mjini kwetu mtu wa kuvuta biri alikuwa amebaki mmoja.

Mtu huyo alikuwa meneja wa nyumba ya wageni ya shirika fulani la misaada. Alikuwa mtu wa bara, wa ng'ambo ya daraja, kule tulikokuita Kenya kana kwamba sisi hatumo. Alikuwa na tumbo la heshima na suruali iliyonyooshwa kwa pasi hata vumbi liwe vipi, na baada ya chakula cha mchana alikaa barazani kwake akifukiza mtaa kwa biri zake za jina kubwa. Zamani alininunulia maziwa ya wageni wake. Tangu habari ya mafuta ya taa, alikuwa akinipita huku akiangalia mabati.

Asubuhi moja, saa nne hivi, niliingia kwa Abti kuchukua kiberiti. Eeddo alikuwa kwenye kona akisubiri sukari yake ipimwe, na kulikuwa na watu wengine watano au sita wakiongea tu. Meneja akaingia kutafuta betri za tochi. Abti hakumpa hata nafasi ya kusalimia vizuri, akaliweka lile boksi la mbao mbele yake.

"Bwana mkubwa, hii angalia," akamwambia. Kiswahili cha Abti kilikuwa cha dukani, p kwake ilikuwa b na v ilikuwa f. "Hii si ile ya mwaka jana. Hii mbya kabisa. Futa moja, bure. Kama mbaya, tuba."

Meneja hakuigusa. Aliinama, akamwona korongo kwenye kifuniko, akacheka.

"Mzee, Korongo ni Korongo. Hata ukimvalisha suti."

"Jaribu kwanza, wallahi."

"Nijaribu nini? Niungue masharubu?" Akageuka, akaniona, akaongeza kwa sauti ya kuwafaa wote. "Lakini nyinyi ni damu moja kweli. Mjomba anauza mavi ya punda, mpwa anauza mafuta ya taa."

Watu wakacheka, hata walioelewa nusu tu. Abti akafunga boksi taratibu. Yeye hakuwa mvutaji, ulevi wake ulikuwa mirungi peke yake, na hakuwa na neno moja la kuitetea ile biri. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na bado nikikumbuka inanipanda. Mjomba wangu ametukanwa kwa kitu ambacho aliyemtukana hakukionja, hakukinusa, wala hakukishika. Mimi angalau nilihukumiwa kwa kosa langu la kweli. Biri ile ilihukumiwa kwa picha ya ndege.

"Lete hapa," nikasema.

"Wewe?" meneja akanitazama juu mpaka chini. "Wewe huna pua, mama. Si ulisema mwenyewe?"

Nilimwona Eeddo akigeuza kichwa. Nilijua ninachokifanya. Sitaki mtu aniambie leo kwamba hasira zilinipofusha, kwa sababu niliona vizuri sana. Ningeweza kutoka na kiberiti changu, na mafua yangu, na nafasi yangu bandani. Lakini miezi minne nilikuwa nimeuza maziwa nimeinamisha kichwa, na shingo ilikuwa imechoka.

Nilitoa biri moja nikainusa kavu kwanza, jinsi ninavyonusa mtungi kabla ya kuufungua. Ngozi ya mbuzi iliyokaushwa vizuri. Zabibu. Harufu ya mbao ya boksi lenyewe. Hapakuwa na ukungu, hapakuwa na ule unyevunyevu wa bidhaa iliyolala vibaya safarini. Nikachukua kisu cha Abti cha kukatia kamba, nikaikata ncha. Kiberiti sikukitaka, kina harufu ya baruti inayoharibu kila kitu. Nikaenda mlangoni kwenye jiko la chai, nikachukua kaa la mgunga kwa koleo.

Meneja akashika kichwa. "Biri haiwashwi kwa kaa, mama!"

"Kwenu," nikamjibu.

Nikaisogeza shali pembeni, nikaitia biri mdomoni. Mwanamke kuvuta hadharani Garissa miaka ile, tena mchana, tena biri! Waliokuwa barabarani walisimama. Mzee mmoja alisema audhubillahi kwa sauti kubwa, kisha akatafuta mahali pazuri pa kusimama ili aone.

Sikuvuta mpaka kifuani. Wala sikujua wajuzi wa biri wanafanyaje. Moshi ule niliufanyia kile ninachofanyia maziwa: nikaushika mdomoni, nikauzungusha, nikautoa kwa pua. Mwanzo niliupata mgunga peke yake, wa lile kaa, nikausubiri upite. Halafu ikaja buni, ile inayokaangwa na samli kwa ajili ya wageni siku ya furaha. Baada ya buni, iliki, kwa mbali. Kisha utamu fulani ukabaki kwenye ufizi hata moshi ulipokwisha kutoka. Nikaitazama ncha. Iliungua sawasawa pande zote, na jivu lake lilikuwa jeupe, limekaa imara, halianguki.

Ilikuwa nzuri. Niseme wazi, ilikuwa nzuri sana, na nilifurahi kwa furaha isiyo ya kiungwana, furaha ya mtu anayeona wengi wamekosea mbele ya macho yake.

"Ni nzuri," nikasema. "Ina buni, ina samli, ina iliki. Asiyeitaka ana lake jambo."

"Kila mtu anaweza kusema iliki," meneja akasema. Lakini alikuwa ameshasogea karibu, na pua yake ilikuwa inafanya kazi. Akatoa mfukoni biri yake mwenyewe, ile ya jina kubwa, akaibandua pete. Akachukua Korongo nyingine, akaibandua pete yake pia. "Geuka, ufunge macho. Tutajua leo kama una pua au una mdomo tu."

Nikageuka, nikajifunga shali machoni. Nikasikia kikatio chake kidogo cha biri kikilia mara mbili, nikasikia kiberiti. Akanipa ya kwanza. Nikavuta, nikazungusha, nikatoa. Akanipa ya pili, nikafanya vivyo hivyo.

"Ya kwanza ni yako," nikasema. "Ya pili ni Korongo. Na hiyo yako, bwana, imelala karibu na sabuni. Sabuni ya kuogea, ile ya waridi."

Kicheko kilichotoka hapo kilifika ng'ambo ya barabara. Nilipofungua macho, meneja alikuwa hacheki. Alikuwa ameishika biri yake chini ya pua, ananusa, anaitoa, ananusa tena. Tulisubiri.

"Naziweka kabatini na mashati," akasema polepole. "Mke wangu hutia vipande vya sabuni katikati ya mashati." Akaitazama ile biri ya gharama kwa huzuni ya kweli. "Miaka miwili nimekuwa nikifikiri hii ndiyo ladha yake."

Akachukua Korongo kutoka mkononi mwangu, akaitia mdomoni. Akavuta, akafumba macho, akavuta tena. Hakusema ni nzuri, maana mtu wa namna ile hasemi. Alisema tu, "Boksi lote, mzee."

Abti akaanza kulifunga kwa gazeti haraka kabla dunia haijabadilika. Mimi wakati huo ile Korongo niliyoiwasha kwa kaa ilikuwa imeshuka kupita nusu, na nilikuwa bado naionja kwa sababu kazi haiachwi katikati.

"Usiivute mpaka mwisho," nikamwambia meneja. "Ikifika hapa inaanza uchungu. Ule uchungu wa dawa ya malaria. Ikifika hapa, iache."

"Abti," mjomba wangu akanong'ona kwa Kisomali, "ungenyamaza hapo."

"Sinyamazi. Utamu wake nimeusema, na uchungu wake nausema."

Meneja akaondoka na boksi lake kwapani. Watu wakaanza kutawanyika, kila mmoja akiiga jinsi nilivyotoa moshi puani. Nami nilikuwa nimesimama pale na mabaki ya biri mkononi, kichwa kinazunguka kidogo, ninajiona mkubwa kuliko lile duka. Ndipo Eeddo aliposema, bila kuinua sauti.

"Abaayo." Ndivyo wanawake wetu wanavyoitana, dada. "Pua hii ilikuwa wapi siku ya mafuta ya taa?"

Akaitazama biri mkononi mwangu, kisha akaongeza, "Mafua yamepona, siyo?"

Alinifungulia mlango. Hilo nimelielewa miaka mingi baadaye, lakini nadhani hata papo hapo nililihisi. Alikuwa mwanamke mgumu, na bado aliniwekea jibu mkononi kwa sababu alijua nina watoto. Nilichotakiwa kufanya ni kusema ndiyo, yamepona, alhamdulillahi. Neno moja tu. Kesho ningeamka mwenye pua na asiye na hatia, na wateja wangerudi wote.

Ladha ya biri ilikuwa bado mdomoni, utamu na uchungu, na nilikuwa nimetoka tu kumwambia mtu mzima mbele ya halaiki habari zote mbili za biri ile. Nikaona nikisema uongo sasa, nitakuwa chini ya ile biri ya mavi ya punda. Nikakataa kuwa chini yake.

"Sikuwa na mafua, Eeddo. Nilinusa. Nilijua, nikauza."

Abti akasema, "La hawla." Eeddo alichukua sukari yake, akaifunga kwenye ncha ya nguo.

"Basi sheria unaijua."

"Naijua."

Nilivuka barabara, nikabeba mitungi yangu miwili, nikatoka bandani. Hakuna mwenzangu aliyeinua macho. Nililia, ndiyo, lakini nililia nikiwa nimeshafika nyuma ya ghala la mahindi ya msaada ambako hakuna aliyeniona, na nilipomaliza nikapangusa uso, nikarudi sokoni. Sikwenda nyumbani. Ningekwenda nyumbani, wangeona nimeshindwa.

Nikaketi kwenye ngazi ya duka la Abti, juani, nikitazamana na banda. Ijumaa hiyo imamu alitoa mawaidha kuhusu tumbaku na haya za wanawake bila kumtaja mtu, nami nikayasikiliza yote kwa kipaza sauti nikiwa pale pale kwenye ngazi. Baba wa watoto wangu alituma salamu kwamba amesikia. Nikamtumia jibu kwamba amesikia sawasawa. Wiki ya kwanza sikuuza karibu chochote, na wanangu walikula anjera, chapati zetu laini, kwa chai ya rangi, na mkubwa aliniuliza kwa nini mtu auze maziwa halafu nyumbani kusiwe na maziwa. Nilimwambia yamechacha. Huo nao ulikuwa uongo, kwa sababu yalikuwa kwa kaka yangu, pikapu ikikataa kuniletea kwa maneno ya watu. Moyo uliniuma kwa ajili yao. Kwa ajili yangu haukuniuma.

Pikapu ilipokubali tena, nikaanza upya. Kila aliyesimama mbele yangu nilimwambia maneno yale yale kabla hajauliza: "Mimi ndiye niliyeuza mafuta ya taa. Leo nimenusa. Ni safi." Wengine walicheka wakaenda zao. Wengine walicheka wakanunua. Mpishi wa meneja alirudi, kisha mwalimu mmoja, kisha yule mpishi wa hoteli ya karibu na msikiti, ambaye alininunulia bila kunusa na bila kunitazama usoni. Hakuna aliyeinamia mtungi wangu tena.

Kiangazi kilipozidi, maziwa yakawa haba mjini, na mitungi ya kila namna ikaanza kutumika huko kambini. Siku moja karibu na adhuhuri, barabara ikiwa tupu kwa joto, nilimwona Eeddo akitoka bandani na mtungi wake begani. Alivuka polepole. Hakunisalimia. Aliuweka chini miguuni pangu, akaufungua.

"Nusa," akasema.

Nikainama. Mgunga, mzito, mzito kupita kiasi. Nikafumba macho nikausubiri upite, na chini yake nikakipata kitu kikali, chembamba, kinachokwaruza nyuma ya koo. Nilikijua. Ni kile kinachonuka siku mifugo inapooshwa.

"Kuna dawa ya kupe, Eeddo."

"Wenzako wote wamenusa. Wamesema safi."

"Basi kwa nini umevuka?"

Mkono wake ulikuwa juu ya mdomo wa mtungi, na kwa mara ya kwanza niliona umezeeka. Mtungi ulikuwa umejaa. Siku yake yote ilikuwa mle ndani, na nyumbani kwake kulikuwa na wajukuu, na ng'ambo ya barabara banda zima lilikuwa likitutazama. Nilijua kila alichokuwa anajiambia wakati ule. Nilishajiambia mimi.

"Mwaga," nikamwambia.

Akauinamisha. Maziwa yakaenda vumbini, yakatengeneza mfereji mdogo mpaka katikati ya barabara, yakanywewa na mchanga kabla hayajafika mbali. Alisubiri mpaka tone la mwisho. Kisha akaegemeza mtungi mtupu ukutani, akajifuta mikono.

"Kesho rudi bandani," akasema. "Ukae kwenye nafasi yako."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo kwa wiki nyingi, na nilidhani yakija nitalia tena. Sikulia.

"Mimi sirudi, Eeddo. Anayetaka kunusiwa, anajua nilipo."

Akachukua mtungi wake mtupu, akavuka barabara kurudi kwake. Kesho yake asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, wanawake sita walivuka na mitungi yao, yeye akiwa mbele, wakaipanga kwenye ngazi juani. Nilinusa mmoja baada ya mwingine bila haraka. Wawili niliwaambia wamwage, nao wakamwaga.